Daftari la Fundi wa Barabara ya Tisa

Mpwa wangu anaolewa Desemba, na kwa kuwa mimi ndiye mjomba nitakayemsindikiza, ameamua kunivalisha yeye mwenyewe. Ameona shati na koti vya Uturuki kwenye simu, akaniandikia kutoka Dar es Salaam: "Shikamoo mjomba. Naomba saizi yako." Nikamjibu kwamba sina. Akapiga simu papo hapo. "Mjomba, kila mtu ana saizi. Hebu tazama ndani ya kola." Nikatazama. Shati liliandikwa L, suruali 36, na koti la kabatini lilikuwa na 52 na maneno ya Kiitaliano. Nikamwambia kwamba mpaka nimekuwa mtu mzima hakuna aliyeniuliza jambo hilo, kwa sababu vipimo vyangu vilikuwa kwenye daftari la Fundi, pale Barabara ya Tisa, Ngamiani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo fundi alikuwa anajuaje watu wote hao?"

Aliuliza kwa dhati. Yeye amezaliwa miaka ya tisini, na nguo zote alizonazo zilishonwa kabla hajaonekana dukani, mbali na vitenge vya sare za harusi. Nimeona nimjibu kwa maandishi, na wengine wa rika lake wasome.

Wanaoijua Tanga wanajua kwamba Ngamiani mitaa yake ni namba. Mtu hasemi anakaa mtaa wa fulani. Anasema niko Barabara ya Kumi na Mbili, akapanda baiskeli akaenda zake. Katika Barabara ya Tisa palikuwa na duka la vitambaa, mwenyewe Mhindi tuliyemwita Tajiri, na mbele ya duka baraza pana ya sementi yenye nguzo nne za mbao. Ndani kulikuwa na majora yaliyosimamishwa ukutani: drili, poplini, bafta, marekani, gabadini, na baadaye tetroni ambayo vijana waliipenda kwa kuwa haikunjamani. Nje, barazani, palikuwa na cherehani tatu. Ukinunua yadi zako ndani unatoka nazo mlangoni, na kabla hujafika barabarani umekwisha kukutana na fundi. Tajiri hakuwatoza mafundi kodi, kwa kuwa bila wao yale majora yangebaki ukutani. Nao bila yeye wangeshona nini? Fundi wetu alikaa kwenye nguzo ya mwisho, upande unaopata upepo wa bahari alasiri.

Alikuwa na jina lake, lakini mkewe naye alimwita Fundi.

Nimejaribu kutafuta mwaka alioanza kukaa pale. Dada yangu mkubwa anasema 1964, kwa sababu gauni lake la kuingilia darasa la kwanza lilishonwa hapo. Binti wa Fundi ana leseni ya biashara ya 1966, lakini juu yake imeandikwa kwamba imehuishwa. Kuna picha ya marehemu baba, karani wa bandari, amevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, kazi ya mkono wa Fundi bila shaka yoyote, na nyuma ya picha kuna muhuri wa studio usio na tarehe. Nimeacha. Mimi nilipopata fahamu alikuwepo.

Harufu ya pale bado ninayo. Ilianza na pasi ya mkaa. Kijana wake wa kazi aliipepea kwa kipande cha boksi mpaka cheche ziruke, akalaza kitambaa kibichi juu ya drili mpya, na pasi ilipogusa ukapanda mvuke wenye wanga, moshi na kitu kingine kama mkate unaoanza kuiva. Chini ya mvuke huo kulikuwa na mafuta ya cherehani, yale mepesi aliyoyadondosha asubuhi kwenye vitundu vyote, akafuta yaliyozidi kwa pamba. Kisha akipita muuza kahawa, vikombe vikigongana, tangawizi inaingia. Mtoto akitumwa kufuata nguo hapo, alirudi nyumbani na harufu yote hiyo kwenye karatasi ya gazeti iliyofungiwa nguo. Hata leo nikipita mahali wanapiga pasi khaki mpya, miguu husimama yenyewe.

Lakini nilitaka kusema jinsi alivyopima. Kabla ya kushika tepu alikuuliza swali moja: "Unakwenda wapi nayo?" Hakuuliza unataka mtindo gani. Tarishi wa benki aliambiwa mfuko wake wa kifuani utakuwa na kifuniko, ili barua isichungulie mvua. Mwalimu wa Chumbageni alitiwa mfuko mrefu wa kalamu, na kiwiko kikaongezwa kitambaa kwa ndani, maana mwalimu huegemea meza akisahihisha. Kuli wa bandarini alishonewa mshono maradufu begani, upande anaobebea. Nahodha wa jahazi alipewa suruali yenye kiuno cha kamba, asije akahangaika na vifungo mikono ikiwa na chumvi. Kanzu ya imamu aliikata pana kwapani, ili anapoinua mikono kwenye takbira isimbane. Mtoto wa shule alikunjiwa pindo nene la akiba, ambalo mama yake angelifumua mwaka ukigeuka. Mtu akisema anakwenda kuposa, Fundi alitua kalamu na kumtazama vizuri, akauliza ni kwa nani. Jibu hilo liliamua ukosi utakaaje.

Ndipo tepu ikashuka. Alitaja kwa sauti, kijana akaandika: bega, kifua, mkono, kiuno, nyonga, mguu. Daftari lilikuwa lile la kurasa nyingi lenye jalada gumu jekundu, kama la mahesabu ya duka. Majina yanayofanana hayakumtatiza, kwa kuwa kila jina lilifuatwa na kazi au ukoo au mahali: karani wa bandari, shemeji wa muuza samaki, mtoto wa tatu wa mama maandazi, mnyapara wa Pongwe. Nilipokuwa kidato cha pili niliruhusiwa kumwandikia wakati wa likizo, na humo nikaona safu ya familia yetu nzima, baba hadi mdogo wetu, inchi zetu zikipanda mwaka hadi mwaka. Kwa baba, mwaka mmoja, kiuno kilishuka ghafla. Ulikuwa mwaka aliougua, na sisi watoto hatukuambiwa. Fundi alijua, kwa sababu tepu ilimwambia, naye hakumwambia mtu.

Waliomgusa zaidi walikuwa wafanyakazi wa mkonge. Walikuja Jumamosi ya mshahara kutoka Pongwe na Ngomeni, wengi wakiwa wamesafiri kutoka Songea, Kigoma, Burundi na ng'ambo ya Ruvuma. Huko shambani, Fundi alinisimulia, mtu alihesabiwa kwa kadi yake ya kipande, siku thelathini zikijazwa moja moja, na msimamizi aliweza kumwita kwa namba kutwa nzima. Pale barazani aliandikwa jina lake kamili na la baba yake, na kijana akikosea, Fundi alimrudisha kwenye tahajia sahihi. Wengine walishonesha suti ya kurudi nayo kwao, wakaitundika miaka. Nilimwona mmoja akisoma jina lake kwenye daftari, kidole chini ya kila herufi, akamaliza akaanza tena.

Sipendi nieleweke kwamba enzi hizo dunia ilikuwa mbali, kwamba Ngamiani ilikuwa imejifungia ndani ya nguo zake. Hilo husemwa sana na si kweli. Cherehani ya Fundi ilikuwa Singer ya mguu, maua ya dhahabu yamefifia kwenye shingo yake. Mashine kama hizo zilitoka kwa wingi Clydebank, Uskoti, kiwanda ambacho kilifungwa 1980. Marekani iliyokuwa ukutani kwa Tajiri ilibeba jina la nchi ilikotoka kwanza: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Zanzibar tangu kabla ya mkataba wa 1833 baina ya serikali yao na Seyyid Said. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 shehena zikakatika, na viwanda vya Bombay vikapata mlango. Fundi alizaliwa Pangani, mji ambao misafara ilianzia, na babu yake alikuwa amemsimulia jinsi majora ya nguo hiyo yalivyokwenda bara kama fedha. Kwa hiyo alijua anakaa katikati ya nini.

Aliijua pia bei ya mkonge bila kusoma gazeti. Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. 1964 tulitoa zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ikawa kamba za kufungia majani ya mifugo kwenye mashamba ya Marekani na Ulaya. Kamba za plastiki zilipoanza kushika mashamba hayo, habari ilifika Barabara ya Tisa kwa njia ya suruali. Kwanza walipungua wanaoshona suti ya kurudi nayo kwao. Kisha mnyapara akaleta ile ya zamani igeuzwe. Halafu Jumamosi ya mshahara ikawa Jumamosi tu. Mkulima wa mbali aliyebadilisha kamba ya kufungia majani hakumjua Fundi, wala hakumtakia baya, lakini uamuzi wake ulionekana kwenye daftari.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii: dunia ilipofika barazani kwetu, ilifika ikiwa kitambaa. Ilikuwa haijawa kitu bado. Ilimngoja mtu wa hapa aikate, na mtu mwingine wa hapa aseme anakwenda wapi nayo.

Hata mitindo ilipitia mkononi mwake. Mwaka 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipokuwa ukisaka suruali za kubana na vimini, vijana walimletea suruali zao usiku azitanue, maana ilisemekana mtu anatumbukiziwa chupa ya soda kiunoni, na isipotokea mguuni ana kesi. Miaka michache baadaye vijana walewale walimletea azipanue goti kwenda chini ziwe bugaluu. Alizishona zote mbili, na kila mara aliuliza swali lake. Akijibiwa "dansini" aliacha nafasi ya nyonga kucheza. Wale vijana walikuwa wameona picha za wanamuziki wa Marekani na Kongo kwenye majalada ya santuri, na walitaka kufanana nao. Lakini aliyetoka pale alikuwa kijana wa Tanga aliyevaa bugaluu, na mtu akimwona alijua ni mkono wa nani.

Tuliingia pia kwenye fahari ya vitambaa vyetu wenyewe. Urafiki ilipofunguliwa Ubungo 1968, kwa msaada wa Wachina, na viwanda vya Mwanza na Musoma vikafuata, Tajiri alipanga majora hayo mbele kabisa, yale ya nje yakarudi nyuma. Fundi alikuwa akipapasa kitambaa kipya, akakivuta pembe kwa pembe, akasema uzi wake bado haujatulia, wape muda. Kwenye suti za Kaunda za viongozi wa tawi alitumia cha hapa bila kuulizwa. Aliamini kabisa kwamba pamba ya Shinyanga itamfikia Ngamiani ikiwa imesokotwa na kufumwa na watu anaoweza kuwasalimia. Kwa miaka michache ilikuwa hivyo.

Halafu ukaja ukame wa nguo, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa foleni. Nitasema tu yaliyotokea barazani: majora yaliisha ukutani, na Fundi akawa mtu wa kugeuza. Kola iliyochakaa aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, shati likaishi mwaka mwingine. Shuka lilizaa blauzi. Mfuko wa unga wa ngano ulifuliwa ili herufi zifutike, ukawa kaptula ya mtoto, na herufi hazikufutika. Vipimo alichukua bado, tena kwa uangalifu mkubwa kuliko zamani, kwa kuwa hakukuwa na kitambaa cha kukosea.

Mlango wa biashara ulipolegezwa 1984, na zaidi katika miaka ya ruksa, nguo zilikuja. Zilikuja zimeshonwa, zimevaliwa, zimechoka kidogo, zimefungwa kwenye mabelo kwa utepe wa chuma. Sitaki kuwa mwongo: tulishangilia. Mama yangu, ambaye kila msimu wa baridi alijifunga kanga mbili, alipata sweta yake ya kwanza nzito kwenye rundo la Tangamano, ya sufu safi, na aliivaa hadi alipokufa. Watoto waliokuwa wanakosa shule kwa kukosa nguo walirudi. Wajane walisomesha kwa kuuza mitumba, na wapo madaktari leo waliolelewa na belo. Anayesema mitumba ni aibu tupu hakuwepo miaka ile, au alikuwepo na shangazi aliye Ulaya.

Ila nilimwona Fundi. Walimletea makoti na suruali za watu warefu wa nchi za baridi, wakamwambia, "Nipunguzie hapa, Fundi." Alimvisha mteja, akabana kwa pini, akapitisha chaki, basi. Hakukuwa na haja ya tepu, na daftari halikufunguliwa. Nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu wakati huo. Nilipopita kumwamkia jioni moja nikaliona limewekwa chini ya mguu wa meza ya kukatia, iliyokuwa inayumba. Nilimuuliza. Akasema, "Mwanangu, siku hizi naambiwa nguo imekwisha kushonwa. Kilichobaki ni kumsogeza mtu aingie."

Swali lake nalo aliliacha. Utamuulizaje mtu anakwenda wapi na koti ambalo lilikwisha kwenda kwingine? Vijana wakavaa fulana za timu za shule za Ohio, za mbio za hisani za miji wasiyoweza kuitamka, za mikutano ya ukoo fulani wa watu waliokusanyika bustanini kiangazi fulani. Kuli alivaa koti la karani, karani akavaa la mwindaji. Wapo wasomi wanaosifu jambo hilo, wanasema limewaweka watu huru, kwamba zamani nguo ilimfunga mtu kwenye daraja lake. Kuna ukweli humo. Mfanyakazi wa mkonge hakushonewa kama meneja. Lakini alishonewa yeye. Uhuru wa kuvaa jina la ukoo wa watu wengine bila kujua umelivaa sijaweza kuuona kuwa uhuru mkubwa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Viwanda vikasimama kimoja baada ya kingine au vikauzwa. Tajiri alifunga, wanawe wakahamia Kanada. Cherehani za Butterfly za Shanghai zikachukua nafasi ya Singer. Zikaja nguo mpya za China zenye bei ya mtumba na umri wa mwezi mmoja, kisha za Uturuki, kisha simu. Baraza ikajengewa vyumba vya chuma vya kuuzia vocha. Fundi alifariki kabla haya hayajaisha kufika, na nyumba ile sasa imebomolewa, pana ghorofa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondolewe hatua kwa hatua ifikapo 2019. Nilifurahi kupita kiasi. Mwaka uliofuata, wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, kwamba tunawaharibia soko, na nafasi yetu ya kuuza kule bila ushuru ikawekwa rehani. Nchi zetu zikalegea. Rwanda ilishikilia, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Nilisoma habari hizo zote nikitafuta mahali ambapo mshonaji ameulizwa. Walitajwa wauzaji, waagizaji, wasafirishaji, watunga sera. Mtu anayejua kukata shati hakuwa upande wowote wa meza, na sehemu kubwa ya pamba yetu inaendelea kupanda meli ikiwa haijasokotwa.

Mjukuu wa Fundi, binti wa yule mwenye leseni, anajua kukata shati. Babu yake alimfundisha akiwa mdogo, kwa magazeti. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Morogoro, kwenye kiwanda cha nguo za michezo zinazouzwa nje, na kwa muda wote aliokaa huko alishona mkono wa kushoto. Mikono ya kushoto tu, mamia kwa siku; shati zima halikupita kwake, na aliyelivaa hakumjua. Anaizungumza kazi hiyo kwa heshima, kwa sababu ilimlipa kwa tarehe na ilimfundisha kasi. "Lakini mjomba," aliniambia, "nilikuwa namaliza siku sijui nimemvisha nani." Amerudi. Ana cherehani mbili na ovaloki moja ya kukodi, na wasichana wawili waliotoka chuo cha ufundi.

Shule ya msingi iliyo mtaani kwao ina watoto wengi, na kila Januari wazazi huelekezwa kununua sare kwenye duka moja la mjini. Zinakuja zimefungwa kwenye plastiki, saizi tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kaptula hazina pindo la akiba, na kufika Juni watoto wanaonekana magoti na mapaja. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati ya shule nikiomba darasa la kwanza la mwakani lipimwe palepale shuleni, mtoto kwa mtoto, na kazi ya sare hizo wapewe wasichana wale watatu kwa bei ileile ya duka. Nimeambatanisha mchanganuo wa yadi, uzi na vifungo, ambao binti aliuandika mwenyewe. Kikao chao ni tarehe 14, na nimeomba niruhusiwe kusema.